Kutu Kwenye Land Rover Kuukuu: Pa Kuziba na Pa Kubadilisha

Kutoka Mtwapa hadi Marereni, Land Rover za zamani bado ziko kazini. Zinabeba maji, simiti, samaki na wagonjwa wanaotoka mahali ambapo magari madogo hayafiki. Baadhi ya magari hayo yana umri mkubwa kuliko madereva wanaoyaendesha, na wenyewe wengi husema Land Rover haishiki kutu kwa kuwa bodi yake ni alumini. Hiyo ni nusu tu ya maneno. Nusu iliyobaki iko chini ya gari, mahali ambapo mnunuzi hainami kuangalia.

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam, Uholanzi, mwezi Aprili mwaka 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kiligawiwa kwa vibali, ndiyo maana kampuni ikatumia mabati ya aloi ya alumini kwa sehemu kubwa ya bodi. Lakini chesisi ilibaki chuma. Ukuta unaotenganisha injini na dereva, ambao mafundi huuita fayawoli, nao ni chuma. Fremu inayoshika rejeta ni chuma, na ndani ya milango mna mifupa ya chuma iliyofunikwa bati la alumini. Mpangilio huo uliendelea kwenye modeli za Series I, II na III, kisha Ninety na One Ten zilizokuja kuanzia mwaka 1983, hadi Defender ya mwisho ilipotoka kiwandani Solihull mwezi Januari mwaka 2016. Zile zilizounganishwa Thika katika kiwanda cha Leyland Kenya zina umbo hilo hilo.

Kwa hivyo gari laweza kung'aa juu huku chini likiwa limeliwa. Njia rahisi ya kujua kipi ni kipi ni sumaku, hata ile ya spika iliyoharibika. Ikishika, hapo ni chuma, na patafutwe kutu nyekundu. Isiposhika, hapo ni alumini. Alumini haitoi kutu nyekundu. Hutoa unga mweupe na kuinua rangi kama malengelenge, hasa pale inapogusana na chuma. Metali mbili za aina tofauti zikigusana na katikati kukaa maji ya chumvi, mkondo mdogo wa umeme hupita baina yao, na alumini ndiyo huliwa. Upepo wa bahari unaleta chumvi kila siku. Magari yanayofanya kazi karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni hupata dozi mara mbili.

Kukagua kabla ya kukata

Chesisi ya Land Rover ni mabati yaliyochomelewa pamoja kuwa sanduku refu. Matope na mchanga huingia ndani, hukaa na kushika unyevu, na chuma huliwa kutoka ndani kuja nje. Rangi ya nje haina la kusema kuhusu hali hiyo. Fundi anayejua kazi hulala chini ya gari na nyundo ndogo, akigonga kila baada ya nchi chache. Chuma kizima hulia. Kilichoisha hutoa sauti nzito isiyo na mwangwi, na mara nyingi vipande vya kutu husikika vikianguka ndani. Panapotiliwa shaka, bisibisi isukumwe kwa nguvu. Ikiwa mwenye gari anaogopa gari lake litatobolewa, basi afadhali litobolewe akiwa amesimama kuliko likiwa limepakia.

Maeneo ya kugonga kwanza yanajulikana: boriti ya nyuma kabisa inayofungwa ndoano ya kuvutia trela, mikono ya pembeni inayobeba fayawoli na bodi, pale springi zinaposhikwa, na ncha mbili za mbele. Juu, mikeka iinuliwe sehemu ya kuwekea miguu, kisha zitazamwe nguzo za mlango pale bawaba zinapofungwa. Mlango unaoshuka ukifunguliwa mara nyingi hauna shida ya bawaba. Nguzo ndiyo imeoza.

Kuziba au kubadilisha?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mkono wa pembeni ukioza huku reli kuu zikiwa nzima, mkono ukatwe na kuchomelewa mwingine. Boriti ya nyuma vilevile. Matundu machache kwenye reli yanatengenezeka. Lakini reli zote mbili zikiwa nyembamba karibu na springi, au viraka vya zamani vikionekana vimepandana, kila kiraka kipya kitakuwa kinatafuta chuma cha kushikilia na kukikosa. Gari la namna hiyo lahitaji chesisi nyingine. Uingereza kuna viwanda vinavyotengeneza chesisi mpya za modeli hizi na kuzitumbukiza kwenye zinki iliyoyeyushwa, ili zinki iingie hadi ndani ya sanduku. Bei na usafiri si mchezo. Anayenunua chesisi ya mtumba hapa nchini naye aigonge kwa nyundo kabla ya kulipa, maana huenda ikawa mzee kuliko ile anayoitupa.

Kuna jambo la sheria ambalo mafundi wengi hulipita. Namba ya chesisi kwenye Land Rover nyingi imepigwa mbele upande wa kulia, na ncha hiyo ni miongoni mwa sehemu zinazooza. Kabla ya grainda kuwashwa, namba itafutwe, isafishwe taratibu, ipigwe picha na kulinganishwa na logbook. Haikwaruzwi na haipigwi upya na fundi. Chesisi inapobadilishwa, mabadiliko hayo yapelekwe NTSA, na mwenye gari aweke stakabadhi na mkataba wa mauziano wa ile aliyonunua. Gari lenye namba isiyolingana na karatasi litamsumbua siku ya ukaguzi, siku ya kuuza na siku ya kudai bima.

Kazi yenyewe

Betri itolewe waya, na waya za altaneta pia. Tangi la mafuta litolewe kabisa, si kumwagwa tu. Tangi tupu lina mvuke, na mvuke hulipuka upesi kuliko mafuta yenyewe; katika modeli nyingi fupi tangi hilo liko chini ya kiti, karibu kabisa na mikono ya chesisi inayooza. Paipu za breki na za mafuta zinazopita kwenye reli zifunguliwe na kusogezwa mbali. Gari likae juu ya stendi za chuma, pande zote zikiwa sawa. Mawe na jeki peke yake havitoshi kwa mtu atakayelala chini saa nyingi.

Kabla ya kukata fayawoli au nguzo, vyuma vichomelewe kwa muda kukatiza nafasi ya mlango, na vipimo vichukuliwe pembe kwa pembe. Bila hivyo, fayawoli hujikunja kidogo tu, na milango haitafunga tena hata ikibadilishwa yote. Mikono ya pembeni ikatwe mmoja mmoja. Wa kulia umalizwe ndipo wa kushoto uguswe.

Kutu ikatwe hadi pafikiwe chuma king'aacho. Kuweka bati jipya juu ya lililooza ni kufunika kidonda kichafu: maji hukaa katikati na kazi hurudi baada ya mvua mbili. Kwa reli, bati la milimita 2 hadi 3 linafaa. Kwa sehemu ya miguu, kama milimita 1.2. Bati la paa la geji 30 halifiki hata nusu milimita, na hakuna sababu ya kulikuta chini ya gari. Fila nayo ni ya kulainisha bodi, si ya kushika uzito wowote.

Kiraka cha reli kisikatwe kwa mstari ulionyooka kutoka juu hadi chini. Mstari wa namna hiyo ndipo reli huvunjikia. Afadhali kiwe na ncha zilizochongoka kama almasi na pembe zilizolainishwa. Kuchomelea kufanywe kwa vipande vifupi, hapa kidogo na pale kidogo, ili joto lisipinde chuma. Mashine ya kawaida ya vijiti inafaa kwa reli ikiwa mkononi mwa mtu aliyeizoea, lakini bati la milimita 1.2 hutoboka, na hapo mashine ya waya yenye gesi ni bora zaidi.

Chuma kilichopakwa zinki kikichomelewa hutoa moshi mweupe unaoleta homa na baridi usiku huo huo. Zinki isuguliwe kwanza kando ya mshono, kazi ifanywe penye hewa, na fundi avae barakoa inayofaa. Wengi hunywa maziwa wakiamini yanakinga. Maziwa huenda tumboni, na moshi uko kwenye mapafu. Wasaidizi wanaoshika tochi nao wapewe kioo cheusi. Watoto wa majirani wasisimame kutazama.

Alumini ina tabia zake. Mashine ya vijiti ya kawaida ya gereji haiifai, kwa hivyo ni afadhali kukata palipoliwa, kufunga bati jipya la alumini kwa ribiti za alumini, na kupaka simenti ya mpira katikati. Bati lililobonyea hukakamaa na hupasuka likigongwa hivi hivi, basi lilainishwe kwa joto. Shida ni kwamba alumini haigeuki nyekundu kabla ya kuyeyuka kwenye nyuzi 660. Mafundi wa zamani hupaka sabuni ya mche juu ya bati, wakalipasha moto polepole kutoka nyuma. Sabuni ikigeuka kahawia iliyokolea, moto unaondolewa na bati linagongwa kwa nyundo ya mbao.

Baada ya kuchomelea, mishono isuguliwe, ipakwe praima yenye zinki, kisha rangi. Alumini inahitaji praima yake maalumu, la sivyo rangi hubanduka. Kila mahali alumini inapokutana na chuma pawe na rangi pande zote mbili na kipande cha mpira au simenti katikati. Bolti za chuma kisichoshika kutu zinavutia macho, lakini katika hewa ya chumvi nazo huila alumini. Ziwekewe washa za plastiki.

Kuzuia isirudi

Gari lililopita ufukweni lioshwe chini siku hiyo hiyo kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Visima vingi vilivyo karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi, na kuyatumia ni kurudisha kile kile kinachooshwa. Maji ya bomba au ya mvua ndiyo yafaayo. Matundu ya kutolea maji kwenye chesisi na milango yazibuliwe kwa waya. Oili chafu iliyotolewa injini, ambayo wengi hupulizia chini, hulainisha na kuharibu mipira na hudondokea ardhini kuelekea visimani. Nta au grisi safi iliyopulizwa ndani ya sanduku la chesisi hudumu zaidi. Turubai lisigusane na bodi kwa wiki nyingi. Banda la makuti lenye kupitisha hewa linalihifadhi gari vizuri kuliko turubai.

Siku ya kuchukua gari gereji, mwenyewe aombe kuona mishono kabla haijafunikwa rangi nyeusi. Breki zikanyagwe na paipu zikaguliwe kama kuna mvujo, usukani uzungushwe kutoka mwisho hadi mwisho, kisha ndoo moja ya maji imwagwe juu ya kioo cha mbele. Chini ya kioo kuna vifuniko viwili vya kuingiza hewa, na mipira yake ikiisha maji huteremka moja kwa moja hadi miguuni mwa dereva. Mkeka ukilowa, gari lirudishwe kwa fundi siku hiyo hiyo.