Kumfundisha Mkimbizi Jijini Nairobi: Mwongozo kwa Mwalimu wa Kujitolea

Kwa miaka mingi sera ya Kenya imewataka wakimbizi waishi Dadaab, kambi iliyofunguliwa 1991, au Kakuma, iliyofunguliwa mwaka uliofuata. Hata hivyo, maelfu wamejitafutia riziki Nairobi: Wasomali na Waoromo wako Eastleigh, Wakongo wako Kayole na Umoja, na wengine kutoka Sudan Kusini, Burundi na Eritrea wametawanyika mitaani. Wengi hawana karo ya kozi ya lugha. Hapo ndipo anapohitajika mtu wa kujitolea.

Si lazima uwe umesomea ualimu. Unahitaji muda, daftari na kukubali jambo moja: kinachoongoza somo ni wiki ya mwanafunzi, si kitabu chako. Nauli anayolipa, mtoto anayempeleka kliniki, barua aliyoletewa kutoka shuleni. Huo ndio mtaala.

Hatua ya 1: Ahidi unachoweza kutimiza

Chagua kazi moja. Unaweza kufundisha Kiswahili cha kila siku, Kiingereza cha kutafutia kazi, au kuwasaidia watoto kazi ya shule. Anayeshika yote matatu hufikisha machache. Kisha pima ratiba yako na nauli yako kabla ya kutoa neno. Saa mbili kila Jumamosi kwa muhula mzima zina faida kuliko kuja kila siku wiki ya kwanza na kupotea ya tatu. Watu hawa wamezoea kuahidiwa; usiwaongezee ahadi nyingine hewa.

Hatua ya 2: Pitia kwenye kundi

Usianze kwa kubisha milango ya watu. Jiunge na shirika, kanisa, msikiti au kikundi kilichoanzishwa na wakimbizi wenyewe. Jesuit Refugee Service na RefuSHE, linalowahudumia wasichana na wanawake vijana, ni kati ya mashirika yanayofanya kazi Nairobi. Vikundi vidogo vya mtaani navyo huhitaji walimu, na mara nyingi ndivyo vinavyojua nani amekwama wapi.

Ukitaka kufundisha watoto, tarajia kuombwa cheti cha maadili mema, ambacho huombwa kupitia eCitizen na kukamilishwa kwa alama za vidole. Usikereke. Kundi lisilouliza lolote kabla ya kukukabidhi watoto ndilo la kutiliwa shaka. Na hata ukishakubaliwa, usifundishe mtoto peke yake chumbani: mlango uwe wazi, au mzazi awepo.

Hatua ya 3: Mjue bila kumhoji

Mkimbizi amehojiwa na maofisa mara nyingi kuliko anavyotaka kukumbuka. Siku ya kwanza muulize matatu tu: anasema lugha zipi, alisoma hadi wapi, na wiki hii Kiswahili kilimkwamisha wapi. Usiulize kwa nini alikimbia wala faili yake imefikia wapi. Akiamua kusimulia, sikiliza, usichimbe. Ukiona mzigo ni mkubwa, mwelekeze kwa mshauri nasaha wa shirika.

Adabu ndogo hufungua mlango. Mwite mama kwa jina la mwanawe, Mama Abdi au Mama Neema, akikuruhusu. Usitangulize mkono kumsalimia mwanamke Mwislamu kama wewe ni mwanamume. Ngoja autoe yeye. Ratiba isigongane na swala, na mwezi wa Ramadhani acha chai nyumbani.

Hatua ya 4: Pima anaposimama

Mpe sentensi tano fupi asome kwa sauti. Sikiliza kama tatizo ni kusoma kwenyewe, au ni lugha tu.

Msomali aliyekwenda shule anazijua herufi za Kilatini, kwa kuwa Kisomali kimeandikwa kwazo tangu 1972. Lakini herufi nyingine huzisoma kivyake: *x* kwake ni *h* nzito ya kooni. Mueritrea aliyesoma kwa Kitigrinya amezoea mwandiko ambao kila alama ni konsonanti pamoja na irabu yake. Mwanzishie *ba, be, bi, bo, bu*, naye atashika upesi, maana ndivyo alivyofundishwa kusoma kwao. Msudani Kusini anayesema Kiarabu cha Juba tayari ana *kitabu*, *sabuni* na *sukari* mfukoni. Yule ambaye hakuwahi kushika kalamu mwanzishie mazungumzo. Uandishi utafuata polepole, ukianzia jina lake na namba yake ya simu.

Usisahau saa. Muethiopia huhesabu kama sisi, saa moja ikiwa baada ya kucha. Msudani Kusini huhesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo miadi ya "saa tatu asubuhi" kliniki inaweza kumchanganya. Mchoree saa, uandike hesabu zote mbili kandokando.

Hatua ya 5: Panga somo la saa moja

Tuseme mama amekuambia kwamba makanga humzungusha. Somo linaweza kwenda hivi:

- *Dakika 10: marudio.* Aeleze alichokitumia kati ya yale mliyosoma wiki jana, na mahali kilipomkwamisha.
- *Dakika 15: namba.* Kumi, ishirini, hamsini, mia. Tumia sarafu na noti halisi. Mfundishe pia kuzitambua *mbao* (20), *soo* (100) na *thao* (1,000) azisikiapo, hata kama yeye hatazisema.
- *Dakika 20: maigizo.* Wewe ni makanga, yeye abiria. "Eastleigh ni ngapi?" "Hamsini." "Nilipe hapa au ndani?" "Ingia tu." "Bado chenji yangu." "Nishukishe steji inayofuata." Badilishaneni nafasi. Kisha ongeza mwendo, piga kelele kidogo, maana makanga hasemi taratibu kama mwalimu.
- *Dakika 10: kuandika.* Sentensi tatu daftarini mwake, si zaidi.
- *Dakika 5: kazi ya wiki.* Aende kituoni aulize nauli tatu tofauti, aje na majibu.

Wiki zinazofuata mwende sokoni, kwenye kliniki, kwa mwenye nyumba, na kwenye M-Pesa. Mtu anapaswa kujua tofauti ya till na paybill, na kuelewa anapoambiwa "tuma na ya kutoa". Majedwali ya ngeli yasubiri. *Kitabu changu, vitabu vyangu* ataviokota ndani ya mazungumzo, na siku akiuliza sababu, mweleze.

Hatua ya 6: Sahihisha kwa kuchagua

Kisomali hakina *p*, *v* wala *z*, ndiyo maana utasikia "besa" kwa pesa na "suri" kwa nzuri. Shughulikia sauti moja kwa kila kipindi. Kwa *p*, mshikishe kipande cha karatasi nyepesi mbele ya midomo: akitamka *pata* kwa nguvu karatasi itacheza, akitamka *bata* itatulia. Kwa *z*, aweke vidole kooni: *zaa* hutetemesha mwanzoni, *saa* haitetemeshi hadi irabu ifike. Makosa mengine ya siku hiyo yaache yapite. Mtu akikatizwa kila neno huishia kunyamaza, na aliyenyamaza hajifunzi kusema.

Hatua ya 7: Msaidie mtoto wa shule

Mtoto wa miaka 14 anaweza kujikuta Gredi ya 4 kwa sababu ya lugha peke yake. Kabla hujaamua kuwa hajui hesabu, mwangalie anavyoandika. Aliyesoma kwa Kifaransa Bukavu au Bujumbura huandika 3,5 pale Kenya inapoandika 3.5. Akigawanya 84 kwa 4, anaiweka 4 upande wa kulia na jibu chini yake. Hapa 4 hukaa kushoto na jibu juu. Jibu lake ni 21 vilevile. Andika njia zote mbili kwenye ukurasa mmoja, umwonyeshe ipi ya kutumia kwenye mtihani.

Kiswahili chake nacho kichukulie hivyo hivyo. Akisema "batoto", amesema Kiswahili cha kwao, nacho kinaeleweka na mamilioni. Mwambie tu kwamba insha ya hapa inataka "watoto". Akichekwa darasani, mjulishe mwalimu wa darasa kwa upole.

Hatua ya 8: Jua mipaka yako

Utaombwa nauli, kodi, hata barua ya kwenda Kanada. Kubaliana na shirika mapema kuhusu la kujibu, na utoe jibu hilo hilo kwa kila mtu. Usitunze vitambulisho wala vyeti vya mwanafunzi. Usimpige picha na kuiweka mtandaoni: wengine hawana kibali cha kuishi mjini, na wengine wanatafutwa na waliowafukuza.

Mkumbushe kila mara kwamba usajili na huduma za UNHCR ni bure. Anayedai pesa ili ampeleke mtu Marekani ni tapeli. Penye suala la kisheria, mwelekeze kwa Refugee Consortium of Kenya badala ya kubahatisha.

Hatua ya 9: Ondoka vizuri

Ukilazimika kuacha, toa taarifa wiki tatu kabla. Mwachie anayekupokea ukurasa mmoja kwa kila mwanafunzi: anachoweza, anachokwamia, anachokitaka. Mtambulishe mbele ya darasa, mfundishe pamoja kipindi kimoja.

Kiti kitupu darasani si lazima kiwe habari mbaya. Kabla hujasikitika, piga simu. Kama amepata kibarua cha Jumamosi, au sasa anakwenda kliniki bila mkalimani, basi kazi uliyojitolea imetimia kwake. Mpe kiti hicho anayesubiri kwenye orodha.