SOMO LA BIASHARA: Barafu ni sehemu ya mtaji wa samaki

Mchuuzi anayeleta samaki wabichi Tunduma kutoka Ziwa Rukwa au Kyela huhesabu bei ya ununuzi na nauli. Barafu huiona gharama ya kupunguza. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Tuchukue mfano. Umenunua kilo 100 za perege kwa sh. 6,000 kilo, ukitarajia kuuza kwa sh. 9,000. Kilo 20 zimeoza njiani na kilo 30 zimelegea, ukaziuza kwa sh. 5,000. Mapato yote ni sh. 600,000, sawa na fedha uliyotoa. Nauli na ushuru vinatoka kwenye mtaji.

Sasa weka kilo 100 za barafu kwa sh. 300 kilo. Hata ukipoteza kilo 5, utapata sh. 855,000. Ukiondoa samaki na barafu, zinabaki sh. 225,000 kabla ya nauli. Badilisha bei hizi kwa zile za wiki yako. Hesabu itabaki ile ile.

Kwa nini kilo kwa kilo? Kilo moja ya barafu inaweza kupoza takriban kilo tatu za samaki kutoka nyuzi joto 30 hadi sifuri. Lakini barafu hupigana pia na joto la njiani. Tunduma ni mji wa baridi, ila safari inaanzia bondeni, ambako jua la mchana ni kali. Anayevuka kwenda Nakonde aongeze akiba ya saa za foleni mpakani.

Utunzaji uanze mtumbwini. Samaki wakingwe jua kwa gunia bichi na wasikanyagwe. Waoshwe kwa maji safi, kisha wapangwe kwenye deli: tabaka la barafu iliyopondwa, tabaka la samaki, na juu kabisa barafu. Deli liwe na tundu chini, maana samaki anayelala kwenye maji machafu huharibika upesi.

Kambale ana hesabu tofauti. Ana kiungo cha kuvutia hewa, hivyo hukaa hai kwa saa nyingi akiwa na unyevu tu. Mweke kivulini, kwenye chombo chenye maji kidogo na mfuniko unaopitisha hewa, bila kumrundika. Perege hawezi hivyo. Akitolewa majini, mtie kwenye barafu mara moja.

Kabla ya kulipa, kagua: jicho liwe angavu na limetokeza, mashavu mekundu, na nyama ukiibonyeza irudi. Barafu huchelewesha kuoza. Samaki aliyekwisha kulegea haimrudishi.

Kwa hiyo, mwenye mtaji wa kilo 100 bila barafu ni afadhali anunue kilo 90 na barafu yake.