Mlinzi wa Lango na Leseni Yake



Katika somo la robo hii tunatazama jambo ambalo mara nyingi huachiwa mweka hazina peke yake: nani analinda zahanati, ghala na shule zetu usiku, na kwa idhini gani.

Hapa Kenya, Sheria ya Udhibiti wa Ulinzi wa Kibinafsi, Nambari 13 ya 2016, inakataza mtu au kampuni kutoa huduma ya ulinzi bila kusajiliwa na kupewa leseni. Kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Ulinzi wa Kibinafsi (PSRA), iliyoundwa na sheria hiyo hiyo. Kabla ya hapo mtu aliweza kufungua kampuni ya ulinzi kama anavyofungua biashara nyingine yoyote.

Wengi hudhani haya ni mambo ya makampuni makubwa ya Nairobi. Sivyo. Sheria inamgusa pia mlinzi aliyeajiriwa moja kwa moja na mwenye mali, hata yule tunayemwita soja. Anatakiwa awe ametimiza miaka 18, awe amepata mafunzo yanayotambuliwa, na rekodi yake ikaguliwe. Ndiyo sababu tunadai cheti cha mwenendo mwema. Kampuni yenye wenye hisa wa kigeni lazima angalau asilimia 25 ya hisa zake zimilikiwe na Wakenya. Kuhusu bunduki, sheria hairuhusu zitumike katika huduma hii. Kampuni ikiwaahidi mlinzi mwenye bunduki, msiendelee na mazungumzo.

Sasa tuje kwenye bei, maana hapo ndipo kamati nyingi hukwama. Zabuni tatu zikiletwa, ya chini kabisa huonekana kuwa baraka. Lakini agizo la mishahara ya walinzi la 1998 linaweka kazi ya kawaida isizidi saa 52 kwa wiki, katika siku sita. Mlinzi mmoja anayekesha saa 12 kila usiku bila mapumziko hufikisha saa 84. Saa hizo 32 za ziada zinapaswa kulipwa kama ovataimu. Zisipoonekana kwenye bei, basi anayezilipia ni mlinzi mwenyewe, kwa usingizi wake na karo ya watoto wake. Na mlinzi aliyechoka hivyo halindi dawa za mtu.

Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, ombeni nakala ya leseni na mtazame tarehe ya mwisho wake. Ulizeni usajili wa kila mlinzi atakayeletwa, si wa kampuni tu. Kisha ombeni hesabu ya mshahara wake.

Wafadhili wetu, nanyi tunawaomba msikate fungu la ulinzi kwa kuliona ni gharama ya ofisi. Kuanzia robo ijayo, fomu yetu ya maombi itakuwa na nafasi ya nambari ya leseni na ya idadi ya walinzi watakaopokezana zamu.