Kadi Ninayo, Pesa Zimetoka

SWALI: Mimi ni Mkenya, nauza nguo soko la Konyo Konyo, Juba. Jana benki yangu ya Nairobi ilinijulisha kwamba kadi yangu imenunua kitu mtandaoni, dola 2 tu. Sijanunua chochote. Leo mtu aliyejiita afisa wa benki amenipigia, anataka namba ya siri iliyoingia kwenye simu ili anirudishie. Nimpe?

JIBU: Usimpe, dada yangu. Namba hiyo ndiyo inayoidhinisha malipo, na afisa wa kweli hana haja nayo. Wala dola 2 zisikupumbaze: wezi huanza na kidogo wapime kama kadi ingali hai, kisha warudie kikubwa.

Zuia kadi sasa hivi kwa programu ya benki, au piga namba iliyochapwa nyuma ya kadi, si ile iliyokupigia. Dai kadi yenye namba mpya. Kubadilisha PIN peke yake hakutoshi, maana maduka mengi ya mtandaoni hayaiulizi. Yapinge malipo hayo kwa maandishi mapema, kwa sababu madai ya kurudishiwa fedha yana ukomo wa muda.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni laini yako ya Kenya, hasa kama umeizima au umemwachia mtu nyumbani. Mwizi akifanikiwa kuihamishia kwenye kadi nyingine ya simu, ujumbe wote wa benki utamfikia yeye. Kama ni ya Safaricom, *100*100# huifunga isibadilishwe bila wewe kufika dukani kwao. Halafu futa picha za kadi na kitambulisho ulizowatumia watu kwa WhatsApp.