KUOMBA NA KUPIMA MIMBA
Somo kwa wamama, wababa na mashemasi

Masomo ya kusoma kwanza: Mwanzo 35:16-20, Kutoka 1:15-21, Wakolosai 4:14



Raheli alikuwa mke aliyependwa sana, na mkunga alikuwa karibu naye. Lakini uchungu ulimkamata njiani, kabla ya kufika Efrata. Mtoto aliishi. Mama alikufa, akazikwa kando ya njia. Sisi wa huku tunalifahamu vizuri neno hilo, njiani. Tangu mwezi wa 10 mwaka 2014, mauaji yalipoanza upande wa Beni, mama anayeshikwa na uchungu saa sita ya usiku hana hakika ya kupita. Motari anaogopa, jirani anaogopa, hata askari wa barierani anaogopa. Na Butembo, mvua ikinyesha, kuna vilima ambavyo pikipiki haipandi.

Dada wengi wanatuuliza: ni vibaya kutamani kuzaa bila dawa? Tunajibu kwamba si vibaya hata kidogo. Kuzaa si ugonjwa. Tena tuseme ukweli: katika materinite zetu karibu kila mama anazaa bila dawa ya kutuliza uchungu. Ile sindano ya mgongoni inayotumiwa sana Ulaya na Marekani si jambo la kawaida kwetu. Kwa hiyo anayezaa bila sindano ile asijivune juu ya mwenzake kwamba yeye ana imani kubwa.

Shida yetu iko mahali pengine, nasi mashemasi tunapaswa kuikiri. Miaka iliyopita dada mmoja wa kwaya alishikwa na uchungu siku ya Ijumaa. Mtu aliota kwamba atazaa bila kisu. Tulifurahi, tukamweka katika nyumba ya maombi, tukaimba usiku kucha. Kulipokucha alikuwa amechoka kabisa na mtoto hajashuka. Mama mkwe wake ndiye aliyesema: "Baba zangu, ombeni mkitembea." Tulimpeleka. Alipasuliwa, akapona. Mtoto alikuwa amekwisha kufa. Hakuna aliyetushitaki, na dada yule anaimba bado katika kwaya. Lakini sisi tunajua saa ngapi tulikaa naye pale. Kama ndoto ile ilitoka kwa Mungu, haikutuambia tumzuie kwenda hospitali. Neno hilo tuliliongeza sisi.

Sasa tuangalie neno "dawa", kwa maana watu wanalichanganya. Kuna dawa ya kutuliza uchungu: mama anaweza kuikosa na kuzaa vizuri. Kuna serumu ya kuharakisha uchungu: hiyo haifai kuwekwa kwa kila mama, ila pale mganga anapoona sababu, na mama ana haki ya kuuliza sababu ni gani. Kuna sindano ya oksitosini, yunite 10, inayopigwa mara mtoto anapotoka, ili tumbo la uzazi lijikaze na damu isimwagike. Hiyo Shirika la Afya Ulimwenguni linaishauri kwa kila mama, hata aliyezaa kwa urahisi. Dada, usiikatae. Haiondoi uchungu wala haichafui imani. Damu inaweza kummaliza mama mzima katika muda mfupi, wakati watu wanashangilia mtoto.

Na kuna majani. Tunajua mama fulani waliokataa sindano kwa jina la imani, kumbe walikwisha kunywa kikombe cha majani ya kuharakisha uchungu nyumbani kwa bibi! Hayo nayo ni dawa, tena dawa isiyo na kipimo. Yakiwa makali yanaweza kupasua tumbo la uzazi. Aliyekunywa amwambie mzalishaji bila haya, kwa maana asiyejua anaweza kuongeza serumu juu yake.

Anayetaka kuzaa bila dawa nyingi aanze mapema, kwa CPN. Zamani tulifundishwa kwamba mara nne zinatosha. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri mara nane, ya kwanza kabla ya juma la 12. Wengi wetu tunangoja mpaka tumbo lionekane, eti jirani asijue. Pale wanapima tansio na mkojo, wanatazama damu kama inatosha, wanapima kaswende na virusi vya Ukimwi, wanatoa chanjo ya pepopunda na vidonge vya chuma. Wanatoa vilevile Fansidar ya kuzuia malaria, kuanzia mwezi wa nne, na kati ya dozi moja na nyingine upite mwezi mmoja au zaidi. Dada wa Butembo wanaoshuka Beni kwa biashara wasidanganywe na baridi ya nyumbani. Kule chini kuna joto na mbu wengi, basi walale ndani ya chandarua.

Tansio ndiyo inayotutisha zaidi, kwa sababu haisikiki. Mama anapika, anakwenda shambani, anacheka, kumbe iko juu. Akianza kuumwa kichwa sana, kuona giza, kuvimba uso na mikono, asingoje siku ya CPN. Vilevile akitoka damu, akipata homa, maji yakipasuka kabla ya uchungu, au mtoto akiacha kucheza. Hapo shemasi akiitwa, amwombee akivaa viatu.

Tunajua kwa nini wengine wanaogopa. Ebola ilitangazwa Mangina tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018, ikafika Beni, Butembo na Katwa, na mwisho wake ulitangazwa tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Wakati ule homa na kutoka damu zilikuwa alama za Ebola, nazo ni alama za hatari ya mimba pia. Mama aliona afadhali kuficha damu yake kuliko kutengwa na jamaa. Hatuwezi kumcheka, maana sisi pia tulikuwa tunakimbia gari la wagonjwa. Lakini mlipuko ule ulikwisha, na desturi ya kuficha ilibaki katika nyumba fulani tunazotembelea.

Mipango ya kuzaa inafanywa na watu wawili, baba na mama, kabla ya mwezi wa nane. Chagueni mahali. Aliyewahi kupasuliwa, mwenye mapacha, mwenye mtoto aliyekaa vibaya, huyo aelekee hospitali yenye chumba cha opareshoni, si kituo kidogo cha karibu. Anayekaa mbali au njia yake si salama usiku aje kulala kwa ndugu mjini juma mbili au tatu mbele. Sisi kanisa tutatafuta nyumba. Kila juma wekeni feza kidogo pembeni. Likelemba inayonunua sahani inaweza kulipa materinite pia, na tumeona mama aliyezaa salama akizuiliwa wodini kwa ajili ya deni. Mjue aina ya damu ya mama, na ndugu wawili watakaokubali kutoa damu. Katika kikapu tieni vikwembe, sabuni, beseni, nguo za mtoto, termosi ya chai, na fishi ya CPN juu ya vyote.

Kisha mama aseme na mzalishaji siku za CPN, asingoje uchungu ndipo abishane. Aulize: nitaruhusiwa kutembea na kunywa? Naweza kupiga magoti au kulala upande, nisilale chali tu? Nani atakaa nami? Mashauri ya mwaka 2018 ya Shirika lile lile yanakubali hayo yote, na yanasema mama asichanwe chini kwa desturi tu. Kuwa na mtu unayempenda, anayesugua mgongo na kukuambia pumua polepole, kunasaidia kweli. Akiweza kuimba, aimbe kwa sauti ndogo. Wodi ina wengine.

Shifra na Pua walikuwa wazalishaji, na Mungu aliwajengea nyumba. Luka alikuwa tabibu.

Jumatano wamama wazungumze: katika kundi letu nani ana mimba na hajaanza CPN, na nani atamsindikiza? Wababa, ninyi mjibu nyumbani mbele ya wake zenu: uchungu ukianza saa nane ya usiku, mtagonga mlango wa nani kwanza, na huyo amekwisha kuambiwa?