Cheti cha Dawa Kinapotumwa kwa Simu

Lengo la somo: Mtumiaji aweze kutofautisha cheti cha kielektroniki na picha ya cheti, na ajue la kufanya kabla ya kulipia dawa.

Kwa mkazi wa Mkwaja, ng'ambo ya Mto Pangani, safari ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, humaliza siku nzima. Ndiyo maana wengi hupiga picha cheti cha daktari, wakamtumia ndugu aliyeko Tanga mjini, naye akanunua dawa na kuzipakia kwenye basi. Tunaelewa sababu yake. Hata hivyo, njia hiyo ina hatari ambazo mtumiaji anapaswa kuzijua.

Je, picha ni cheti?

Cheti cha dawa ni agizo la mtaalamu wa tiba kwa mtoa dawa. Hubeba jina na umri wa mgonjwa, tarehe, jina la dawa, nguvu yake, kiasi, namna ya kuitumia, pamoja na jina na saini ya mwandishi. Taaluma ya utoaji dawa husimamiwa na Baraza la Famasi chini ya Sheria ya Famasi ya mwaka 2011.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 haiukatai waraka kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Lakini palipo na sharti la saini, hutakiwa saini ya kielektroniki iliyo salama, inayomtambulisha mwenyewe. Picha ya simu haina sifa hiyo. Tena yaweza kupelekwa katika maduka matatu kwa siku moja, na dawa ile ile ikatolewa mara tatu.

Mfumo wa hospitali ni jambo jingine. Humo daktari huingia kwa nywila yake, na agizo lake husomwa moja kwa moja kwenye dirisha la dawa. Uingereza ilianza mwaka 2005 kutuma maagizo kwa mtandao hadi kwenye famasi. Usalama wake hutokana na njia iliyofungwa, ambayo mpita njia hawezi kuiingilia.

Mfano

Mzee mwenye kisukari ameandikiwa glibenklamidi, nusu kidonge kila asubuhi. Katika picha, mkunjo wa karatasi umeficha sehemu ya “½”, na muuzaji anasoma “2”. Mpwa aliyesimama dirishani hajui kipimo cha mjomba wake. Mzee akimeza vidonge viwili, sukari yaweza kushuka hadi akapoteza fahamu. Simu moja kwa daktari ingetosha kuzuia madhara hayo.

Mambo ya kuzingatia

1. Kabla ya kuondoka hospitalini, muulize daktari kama dawa yaweza kupatikana katika kituo kilicho karibu nawe, na uombe namba ya simu ya kituo chake.

2. Nunua mahali penye kibali kilichobandikwa ukutani. Duka la Dawa Muhimu huruhusiwa kuuza baadhi tu ya dawa za cheti.

3. Inapowezekana, mchukuaji awe na cheti chenyewe mkononi.

4. Mtoa dawa mwenye shaka ana wajibu wa kumuuliza aliyeandika cheti. Akisita, usimlazimishe, mwombe apige simu.

5. Dai stakabadhi na maelezo ya matumizi yaliyoandikwa. Dawa zikifika, linganisha jina, nguvu na tarehe ya mwisho wa matumizi kabla ya kumeza.

6. Insulini huharibika kwa joto. Isisafirishwe kwenye buti la basi bila chombo cha ubaridi.

7. Usiweke picha ya cheti katika kundi la familia, na mpokeaji aifute baada ya kazi. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Maswali ya kujipima

(a) Kwa nini picha ya cheti haichukui nafasi ya saini ya kielektroniki?

(b) Ndugu yako amekuletea dawa ambayo nguvu yake hailingani na cheti. Utafanya nini kabla ya kuitumia?

Jibu la (b): Usiimeze. Mpigie mtoa dawa au kituo kilichokuandikia, na utunze pakiti pamoja na stakabadhi.