SOMO: MKURUGENZI WA WILAYA NA MIPANGO YA BARABARA ZA MKOA

Watumishi wa Serikali na wakaazi wote wanakumbushwa kwamba barabara haianzi kwa katapila. Huanzia katika kitabu cha muhtasari wa mkutano. Ili jambo hili lifahamike vyema, somo la safari hii linachukua mfano kutoka Tanzania Bara, katika Kata ya Soitsambu, Wilaya ya Ngorongoro, Mkoa wa Arusha.

Soitsambu ni kata ya wafugaji iliyo karibu na mpaka wa Kenya. Wakati wa masika, mama mjamzito anayepelekwa hospitali ya Wasso na mfugaji anayepeleka ng'ombe mnadani hutegemea njia ile ile. Je, njia ikikatika, aulizwe nani?

Wengi humwendea Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya. Hawakukosea, ila yafaa wajue mipaka ya kazi yake. Barabara kuu na za mkoa husimamiwa na TANROADS, wakala ulioanzishwa mwaka 2000. Barabara za wilaya, ambazo zamani zilikuwa mikononi mwa halmashauri, zilikabidhiwa TARURA mwaka 2017. Kwa hiyo Mkurugenzi si mjenzi wa barabara hizo.

Hata hivyo, sauti anayo. Yeye ni katibu wa Baraza la Madiwani, na huhudhuria Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa. Humo ndimo mahitaji ya wilaya zote hupimwa, kwani fedha ni chache na njia ni nyingi. Mwenye hoja iliyoandikwa husikilizwa. Mwenye malalamiko matupu hurudi nayo.

Hoja hiyo hutoka chini. Mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kufanywa kila miezi mitatu, hutaja ni korongo lipi halipitiki, kwa siku ngapi, na nani hukwama. Kamati ya maendeleo ya kata huyapanga mahitaji kwa umuhimu, kisha diwani huyafikisha barazani kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai.

Wilaya hiyo ina fundisho la pili. Mwaka 2010 ulitangazwa mpango wa barabara kuu kupitia Loliondo na kaskazini ya Hifadhi ya Serengeti. Mpango ukapingwa kwa ajili ya wanyama wanaohama, na Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki ikaamua kwamba kujenga barabara ya lami kukatiza hifadhi hiyo ni kinyume cha Mkataba wa Jumuiya. Njia moja, basi, hugusa hata nchi jirani, wala haiwezi kupangwa na ofisi moja peke yake.

Hapa Visiwani taasisi ni nyengine, lakini msingi ni ule ule: shehia ndiyo mlango. Kila mkaazi anahimizwa kuhudhuria mkutano, kusema, na kuhakikisha kwamba maneno yake yameandikwa.